Usisahau Njumu

Kona yetu ina benchi moja la mbao, la watu watano wembamba au watatu walioshiba, limeegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya Fundi Msasa. Kulia ni kibanda changu cha kushonea viatu, ndiyo maana wananiita Kisigino. Kushoto ni dirisha la Waya, bingwa wa kufufua redio zilizokufa na kuua zilizo hai. Saa saba mchana Shangazi anatua na birika lake la kahawa, na kuanzia hapo anayefanya kazi ni Fundi peke yake. Sheria ya kijiwe ni moja tu: anayewataja wahenga anaenda kuchota maji ya kuoshea vikombe. Shangazi aliiweka kwa sababu ya Besi, ambaye akiishiwa hoja huwaita wahenga, tena huwaita kwa makosa. Siku ninayoisimulia sheria hiyo ilikuwa na kazi kubwa, maana binti ya Solo alikuwa njiani kuja kuchukua gitaa la baba yake, na sisi bado tulikuwa tunabishana njumu ni nini.

Nianze na Solo ili usipotee. Solo ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la mbele katika bendi yetu, Msumari Jazz. Besi alipiga besi, kama jina lake linavyomsema. Kasuku aliimba, Ngumi alikaa kwenye dramu, Waya alishika mitambo, na mimi nilibeba vyombo. Fundi hajui kupiga hata mluzi, lakini gitaa la kwanza la Solo alilitengeneza yeye, kwa mlango wa kabati, na vyuma vya shingoni akavikata kwenye spoki za baiskeli. Miaka arobaini imepita. Kasuku na Ngumi tumewazika. Solo alihamia mbali, na miezi miwili iliyopita uliingia ujumbe kwenye simu ya Fundi: "Nitengenezee gitaa kama lile la kwanza. Usisahau njumu."

Binti yake alipiga baadaye akatueleza. Baba yake anasahau. Alianza na majina ya majirani, yakafuata ya wajukuu, na sasa kuna asubuhi anamsalimia binti yake mwenyewe kama mgeni. Walimnunulia gitaa la dukani, zuri, linang'aa. Akalipitishia mkono shingoni mara moja tu, akalirudisha kwa adabu zote: "Asante sana, lakini hili si langu." Kwa hiyo pale kijiweni hatukuwa tunabishania mbao. Gitaa likienda na kasoro, Solo atalirudisha kwa adabu zile zile, na sisi tutakuwa tumerudishwa nalo.

Fundi aliusoma ule ujumbe kifundi. Kwake yeye kutia njumu ni kuuchimba ubao kwa patasi ukapachika ndani yake ubao wa rangi nyingine, mpaka ukipitisha kidole usijue mmoja umeishia wapi. Akachukua mninga mwekundu akachonga kiwiliwili. Katikati akapachika mwavuli uliofunguka, kitambaa chake cha mpingo mweusi na mbavu zake nane za mti wa mchungwa, manjano, nyembamba kama njiti za kiberiti. Alichagua mwavuli kwa sababu wimbo wetu mkubwa ulikuwa "Nirudishie Mwavuli". Kuzunguka kingo akapitisha mshono wa vipande vidogo, cheusi, cha manjano, cheusi, cha manjano. Mimi ni mtu wa ngozi, mbao hazinihusu, lakini siku nilipouona mwavuli ule nilishindwa hata kumtania. Tatizo ni kwamba sisi wengine, tangu utotoni, tunajua njumu ni viatu vya mpira, vile vyenye meno chini.

Besi: Fundi, mwavuli umekubali, sikatai. Lakini umeombwa njumu, umetoa mwavuli. Hii ni sawa na mtu akuombe chumvi umpe kiti.

Fundi alikuwa mlangoni mwa karakana, gitaa limelala juu ya blanketi, tayari na nyuzi zake sita na kinasa sauti cha umeme alichokifunga Waya. Alikuwa analifuta kwa kitambaa mahali alipokwisha kupafuta.

Waya: Mwache. Anajua kakosea, ndiyo maana hageuki.

Fundi: Nitageuka nikisikia la maana.

Besi: Shangazi, wewe huna upande. Ukisikia njumu unaona nini?

Shangazi: Naona matope sebuleni kwangu. Nimelea wavulana wanne mimi.

Besi: Haya! Mahakama imeamua. Njumu ni viatu, na Solo anataka viatu vyake. Kabla ya gitaa alikuwa winga wa kushoto, au mmesahau? Siku anahama alikuja kuaga hapa hapa, mkononi ana mfuko. Akaondoka bila mfuko. Fundi, uko wapi ule mfuko?

Fundi: Ulikuwa na mkate. Nusu uliula wewe.

Besi: Juu kulikuwa na mkate. Chini ya mkate kulikuwa na viatu.

Mimi: Mtu aweke viatu chini ya mkate?

Besi: Kisigino, msanii hapangi mfuko kama wewe unavyopanga soli. Wahenga wa—

Shangazi: Ndoo ile pale.

Besi: Sijamaliza sentensi!

Shangazi: Ndiyo maana nimekuonyesha ndoo tu, sijakupa.

Waya alitoa kichwa dirishani, bisibisi sikioni. Waya hapendi kuachwa nyuma kwenye uongo.

Waya: Nyote mko mbali. Hili ni suala la umeme. Mnazikumbuka spika zangu?

Mimi: Nani atazisahau? Kasuku aliigusa maikrofoni kwa mdomo, akaenda kukaa mapajani kwa Ngumi.

Waya: Vizuri. Kasuku alipigwa shoti. Besi ulipigwa shoti.

Besi: Mpaka leo kidole hiki kinatabiri mvua.

Waya: Solo je? Hata siku moja! Kwa nini? Kwa sababu chini kavaa njumu. Yale meno yalikuwa yanaupeleka umeme ardhini. Huyu mzee hataki ukumbusho, anataka usalama wake!

Mimi: Apande jukwaani na viatu vya mpira, na zile suruali tulizokuwa tunavaa? Zile bugaluu?

Waya: Sasa bugaluu tulivaa za nini? Kufichia viatu!

Tulicheka mpaka Shangazi akatuonya tusimwage. Lakini ukishataja bugaluu huwezi kuishia hapo. Mimi niliiona ile suruali yangu ya kahawia, chini pana kiasi cha kufagia sakafu. Nikaona ukumbi wenyewe, ulivyonukia poda na sakafu iliyomwagiwa maji ili vumbi litulie, na Ngumi akigonga vijiti vyake mara nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nalala juu ya maboksi ya spika, na nilijiona mtu aliyefika. Sijawahi kujiona hivyo tena.

Besi: Na wimbo wenyewe je? Mnadhani ulikuwa wa mwavuli? Mwanzo uliitwa "Nirudishie Njumu". Kasuku ndiye aliyekataa. Akasema hakuna mwanamke atakayesimama kucheza kwa sababu kuna mtu anadai viatu.

Waya: Na anayedai mwavuli, huyo anachezeka?

Besi: Mwavuli una mahaba, bwana. Chini ya mwavuli mnaingia wawili. Kwenye njumu mnaingia wangapi?

Shangazi: Mimi ule wimbo niliucheza. Na aliyecheza nami hakunirudishia mwavuli kweli.

Mimi: Nani huyo?

Shangazi: Kunywa kahawa.

Besi: Haya, mmenilazimisha. Kuna siri nimeitunza miaka yote. Msumari Jazz haikuwa bendi. Ilikuwa timu ya mpira. Tulifungwa kumi na moja kwa bila, tukaona aibu kurudi nyumbani na jezi, tukaingia ukumbini tukasema sisi ni wanamuziki. Kwa hiyo Solo anasema, jamani, tumekaa kwenye muziki vya kutosha, turudi uwanjani.

Waya: Besi, wewe hujapiga mpira hata wa matambara.

Besi: Nilikuwa akiba!

Mimi: Na zile nyimbo?

Besi: Tulikuwa tunapasha misuli.

Hapo ndipo Fundi alipogeuka. Alikitupa kitambaa juu ya meza ya randa, akatoka nje akasimama mbele ya benchi, na ule uso wake usiosema kitu ulikuwa umevimba.

Fundi: Mnacheza. Mimi siku sitini nimechimba huu ubao, na nyie mnacheza. Mtoto wa watu anakuja sasa hivi. Atambebea baba yake, na baba yake atapitisha mkono hivi. Atasema hili si langu, na mimi sitakuwa na siku sitini nyingine, wala yeye hatakuwa nazo. Naogopa. Mnajua kuogopa nyie?

Sikuwahi kumsikia Fundi akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Besi alisogea akampa nafasi kwenye benchi, na Shangazi akamtilia kikombe bila kuulizwa.

Waya: Basi tuseme kweli. Lile la kwanza lilikuwaje hasa? Mimi nakumbuka nukta. Shingoni, nukta nyeusi nyeusi, Solo alikuwa anaziangalia ajue kidole kikae wapi. Zilikuwa vifuniko vya soda.

Besi: Vifungo vya koti. Vya koti la baba yake.

Fundi: Wino. Mimi lile gitaa nilimkabidhi shingo safi kama ilivyotoka kwenye randa. Nikamwambia, usinichafulie shingo. Wiki ya pili naambiwa ina madoadoa. Akachora na wino! Sikwenda kumwona akipiga hata mara moja, kwa hasira. Na hili pia nimeacha shingo safi. Safari hii haichafuki.

Mimi: Lakini Fundi, kama alikuwa anaziangalia—

Besi: Wewe Kisigino nyamaza kabisa. Lile gitaa nani aliliacha juu ya lori bila turubai?

Ni kweli. Mvua ilinyesha safari nzima, nami nilikuwa mbele kwa dereva nasimulia hadithi. Asubuhi mlango wa kabati ulikuwa umekumbuka kwamba ni mbao, umevimba, shingo imeachana na mwili. Solo hakunisema hata neno. Aliokota nyuzi zake tu, akazikunja. Mwezi uliofuata alihama, na mimi miaka yote hii nimejua kwamba ni mimi niliyeivunja Msumari Jazz. Nimeshona viatu vingi tangu siku ile, wala ufa ule sijaushona.

Binti alitokea saa tisa, mwanamke wa makamo, kilemba cha safari kichwani, mfuko begani. Alisimama akatutazama mmoja mmoja kama anayesoma vibao vya maduka.

Binti: Shikamooni, baba zangu.

Tukaitika kwa pamoja, na Besi akanyanyuka kumpisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu benchi liwepo.

Binti: Wewe mwenye bisibisi ni Waya. Wewe ni Kisigino, nimeona viatu. Wewe bila shaka ni Besi.

Besi: Umenijuaje?

Binti: Baba alisema utakuwa unaongea.

Fundi aliingia ndani akatoka na gitaa limelala kwenye mikono yake miwili. Binti alilipokea, akaufuata ule mwavuli kwa kidole, ubavu mmoja baada ya mwingine mpaka wa nane, na machozi yakamtoka hapo hapo, hakuyaficha.

Binti: Kumbe ni huu. Kila siku anasema nirudishie mwavuli, nirudishie mwavuli. Nimemnunulia miavuli mitatu.

Waya: Na njumu je? Tusaidie, mwanangu, tutauana hapa. Njumu ni nakshi au ni viatu?

Binti: Mimi nilidhani ninyi ndio mnajua! Nimeandika tu alivyosema. Kwetu njumu ni hizi, basi nikasema nije nazo, ili kama wazee watasahau, mimi niwe sijasahau.

Akafungua mfuko akatoa jozi ya viatu vya mpira, ngozi imekunjamana, rangi haijulikani tena.

Besi: Viatu! Mnaona? Viatu!

Binti: Viko chini ya kitanda chake tangu nizaliwe. Mama alitaka kuvitupa, wakakosana wiki nzima. Na wala havivaliki. Kimoja kina meno, kimoja hakina.

Nilinyoosha mkono akanipa. Ni mazoea, kiatu kikipita mbele yangu lazima nikipindue. Cha kulia kilikuwa na njumu zake zote sita (sisi washona viatu hata meno yenyewe tunayaita njumu), zile za zamani za ngozi ngumu, tabaka juu ya tabaka, kila moja imeshikwa na misumari midogo mitatu. Cha kushoto soli ilikuwa kipara. Matundu kumi na nane, safi, bila mchaniko. Hiyo haikuwa kazi ya kuchakaa. Aliyezing'oa alikuwa na koleo jembamba, alivuta wima, na alikuwa na haya ya kuiumiza ngozi. Niliyatazama yale matundu, kisha nikatazama koleo langu lililoning'inia pale kibandani, lile lile nililorithishwa na aliyenifundisha kazi.

Mimi: Jamani, nilizing'oa mimi.

Besi: Umeanza.

Mimi: Nawaapia. Wiki ile aliyopewa gitaa alikuja na kiatu kimoja, nami bado najifunza kazi. Akaniambia ning'olee zote, taratibu, nazitaka nzima. Nikamuuliza, unaacha mpira? Akasema, naacha mguu mmoja. Nikacheka, nikazing'oa, akazitia mfukoni akaenda. Sikuuliza tena. Nilikuwa kijana, nilikuwa nawaza bugaluu.

Waya alikuwa wa kwanza kuelewa, na bisibisi ilimdondoka.

Waya: Sita. Zile nukta zilikuwa sita. Nne moja moja, na mwishoni mbili pamoja.

Fundi: Si wino?

Mimi: Si wino, Fundi. Alizikata vipande vyembamba akazipachika shingoni. Alifanya kazi yako.

Fundi alikichukua kile kiatu cha kipara akakiinua juu, akachungulia mwanga kwenye matundu. Nilidhani atakasirika, maana miaka arobaini ya hasira haiishi hivi hivi.

Fundi: Kwa hiyo alitia njumu kwa njumu.

Besi: Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Waya: Sote tulikuwa sahihi.

Shangazi: Umeme wa ardhini haukuwa sahihi, Waya.

Fundi: Na mimi nilikataa kwenda kumwona. Kwa ajili ya nukta sita.

Kisha akasimama, akalilegeza gitaa nyuzi zote, akazisogeza pembeni, akaniangalia.

Fundi: Kisigino. Cha kulia.

Nilichukua koleo. Nilivuta wima, moja, nyingine, misumari inatoka inalia kidogo. Fundi akapokea, akakata kila njumu kijipande chembamba kama ganda la kitunguu, ngozi nyeusi iliyolala na kiwi miaka yote hiyo. Akatoboa shingo yake safi kwa keekee, yeye mwenyewe, taratibu, mashimo sita yasiyo na kina. Tone la gundi, kipande ndani, kidole gumba juu. Msasa laini. Binti alimshikia shingo, Besi alishika taa ambayo haikuhitajika, na kwa mara ya kwanza pale kijiweni hakuna aliyetoa nadharia. Gundi iliposhika, Fundi alirudisha nyuzi akazikaza kwa kukisia.

Waya: Lete nilichomeke kwenye redio hii. Nimeifungua tumbo, itakubali.

Besi: Mikono mikavu, tafadhali.

Binti: Kabla hamjachomeka. Nina swali dogo, nimelibeba njia nzima. Kila asubuhi baba anaweka vidole kwenye ukingo wa meza hivi, ananiangalia, ananiuliza, unaanzaje? Namwambia baba, sijui nini kinaanza. Anasubiri, halafu anaondoa mkono. Ule wimbo, "Nirudishie Mwavuli", unaanzaje?

Besi alijibu kwanza, vidole vyake vikicheza hewani.

Besi: Mimi naingia baadaye. Solo anaanza peke yake, halafu Kasuku anamgeukia, halafu ndio mimi. Tum, tu-tum. Hapo nipo.

Binti: Na kabla ya hapo?

Besi: Kabla ya hapo nilikuwa namtazama. Lakini nilimtazama tu.

Waya: Mimi nilikuwa nyuma ya spika, naomba Mungu zisilipuke.

Mimi: Mimi nilikuwa nje nalinda lori.

Fundi: Mimi nilikuwa hapa.

Shangazi aliimba kiitikio, sauti yake ikiwa nzuri kuliko tulivyostahili, nasi tukamwitikia. Kiitikio tulikijua chote. Beti tulizijua, hata ile ya tatu ambayo Kasuku alikuwa akibadilisha maneno akimwona mama yake mlangoni. Tulijua mbao, tulijua viatu, tulijua nani alirushwa na shoti. Mwanzo hatukuwa nao. Kasuku angejua, alisimama bega kwa bega na Solo. Ngumi angejua, ndiye aliyekuwa akihesabu.

Binti hakutulaumu. Alitoa simu, akapiga, akaiweka kwenye benchi ikiwa wazi, tusikie wote.

Binti: Baba, unanisikia? Niko kwa Fundi Msasa. Sikiliza kidogo.

Akamwashiria Fundi. Fundi, asiyejua kupiga hata mluzi, akazipitia zile nyuzi sita kwa kidole gumba, moja moja, juu mpaka chini. Redio ya Waya ikakohoa, kisha ikatoa sauti, nene, ya zamani. Kwenye simu hakukuwa na kitu. Nilimwona Fundi akifumba macho.

Simu: Uzi wa tatu umelegea.

Ilikuwa sauti ya mzee, lakini ule ukali niliujua, nilikuwa nikiukimbia kila jioni kabla ya dansi. Fundi akakaza kidogo, akagusa.

Simu: Bado.

Akakaza.

Simu: Bado. Usiogope, haukatiki. Aa, umepita. Rudi. Hapo.

Fundi: Hapo?

Simu: Hapo hapo. Njumu zipo?

Fundi: Zipo, Solo. Sita.

Simu: Basi kidole njumu ya tatu. Unaanzia njumu ya tatu, uzi huo huo. Nimeisahau wapi, kumbe ipo kwako.

Besi alikuwa amegeukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamcheza, na mara hii hakuwa anacheka. Fundi aliweka kidole chake kinene juu ya ile nukta nyeusi, akagonga uzi, na ile noti ya kwanza ikatoka, ile ile. Niliijua palepale. Nilikuwa nimeisikia mara mia kutoka nje, kwenye lori, bila kujua kwamba naijua.

Simu: Ndiyo. Sasa subiri. Ngumi ahesabu kwanza. Kasuku amekunywa maji? Mmefika wote?

Tulitazamana. Binti alitutazama, naye anayajua yote, aliwahi kutuma rambirambi mara mbili. Benchi letu lina nafasi ya watano, na mbili kati ya hizo zilikuwa za Kasuku na Ngumi. Shangazi aliinua birika akalitikisa, kumbe ni tupu, akaliweka chini polepole lisilie.

Simu: Mbona kimya? Haya, hakuna haraka. Nawasubiri.